Sura ya Tisa: Kivuli cha Ghala

"Haijachezewa," Macho Manne alisema, akaisukuma picha hadi upande wa pili wa meza. "Nimeitafutia kasoro mpaka macho yameniuma, na macho yenyewe unayajua. Hakuna kilichobandikwa, hakuna kilichofutwa. Kamera iliona hivi hivi."

Macho Manne ndiye aliyekuwa mtaalamu wa picha wa maabara ya polisi, na jina hilo alipachikwa kwa ajili ya miwani yake. Inspekta alimwamini kwa sababu moja tu: hakuwahi kumwambia mtu jambo kwa ajili ya kumfurahisha. Aliivuta picha, akaitazama tena, akitamani iwe imebadilika ilipokuwa mikononi mwa mwingine. Haikuwa imebadilika.

Ilionyesha mahali ambapo barabara ya vumbi inakatiza reli. Geti la kuzuia magari lilikuwa limeinuliwa. Kando yake kilisimama kibanda cha mlinzi, na mbele kidogo nguzo ya taa ya ishara. Ule uso wake mdogo wa pembeni, uliowekwa ili mlinzi aone alichowasha, uling'aa kijani. Kushoto, kichwa cha treni ya mizigo kilikuwa kinatokeza kwenye kona. Na barabarani, akiwa ameipa kamera mgongo, mtu alikuwa juu ya baiskeli yenye kreti la mikate, anakaribia reli.

Mtu huyo alikuwa muuza mikate, naye alishazikwa. Waliobaki hai walikuwa wawili, na kila mmoja alikuwa na neno lake. Mlinzi wa geti, mjane ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Geti, alisema taa ilikuwa nyekundu na treni ikaipita kama haipo. Dereva wa treni alisema taa ilikuwa kijani, na geti lilikuwa wazi kwa sababu mlinzi alisahau kulifunga. Kazi ya mama huyo ilikuwa kufunga geti kwanza, ndipo aiwashie treni kijani. Kama taa ilikuwa nyekundu, kosa ni la dereva. Kama ilikuwa kijani huku geti liko juu, basi mama ameua mtu kwa uzembe.

Neno kwa neno, mizani ilikuwa sawa, mpaka bahasha isiyo na jina ilipopenyezwa chini ya mlango wa wakili wa shirika la reli, ndani yake memori kadi, na ndani ya kadi picha hii. Mama Geti aliwekwa mahabusu siku ile ile. Keshokutwa angepandishwa kizimbani, na mwendesha mashtaka alikuwa anatembea kituoni akipiga miluzi.

"Kwa hiyo ni ya kweli," Inspekta alisema.

"Sijasema ni ya kweli. Nimesema haijachezewa." Macho Manne alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. "Ila ni safi mno. Kokoto za hapa mbele unazihesabu, na kilima kule nyuma unakihesabia miti. Mpita njia hapati picha ya namna hii. Huyu alitulia."

"Mtu gani anatulia huku treni inakwenda kumponda mwenzake?"

"Hilo ni lako, Afande, si langu," Macho Manne alisema, akazima taa ya mezani kwake kumwonyesha kwamba mazungumzo yamekwisha.

Inspekta alishuka ngazi akiwa ameshika ukuta. Alikuwa amechoka, na haukuwa uchovu wa kukosa usingizi wa usiku mmoja. Ulikuwa ule uchovu wa kazi unaoingia mpaka magotini, ambao mtu akilala nao anaamka nao. Jalada la Mama Geti lilikuwa limekaa kwapani mwake tangu asubuhi, na angeweza kulirudisha kabatini, akaweka sahihi, akaenda nyumbani. Ushahidi ulikuwepo. Kilichomzuia kilikuwa lile neno la Macho Manne, kwamba huyu alitulia.

Koplo ndiye aliyeshika usukani. Alikuwa bado binti wa umri wa kuamini kwamba kesi huisha, na njia nzima alikuwa anamwaga hoja: labda kompyuta za siku hizi zimewashinda watu wa maabara, labda Macho Manne anazeeka. Inspekta alimwambia kwamba hata yeye anazeeka, amwache afumbe macho kidogo. Alifumba, lakini hakulala.

Getini walimkuta mlinzi wa muda, asiyejua lolote na aliyefurahi kutojua. Inspekta alianza na kazi isiyo na raha, kutafuta mahali miguu ya mpiga picha iliposimama. Aliishika picha mbele ya uso, akasogea kushoto, akarudi kulia, akaenda kinyumenyume, mpaka geti la kwenye karatasi likakaa juu ya geti la kweli. Akajikuta ameegemea ukuta wa ghala la nafaka, jengo refu la matofali lisilo na dirisha hata moja. Kutoka hapo kila kitu kilikubali. Mbao za kibanda zilikuwa zile zile, hata ule ubao wa pembeni uliopasuka. Boriti la geti lilikuwa na viraka vile vile vya rangi. Koplo alihesabu, akarudia kuhesabu, na kila alipomaliza uso wake ulizidi kuanguka.

Kando yao, juu ya stuli, alikuwa amekaa mlinzi wa ghala, na Koplo akaona amepata mtu wa kumrukia. Kama picha ilipigwa kutoka hapa, basi ama ameipiga huyu, ama amemwona aliyeipiga. Mlinzi alijibu kwamba siku ya ajali alikuwa hapa hapa, juu ya stuli hii hii, na hakuona mtu mwenye kamera; taa hakuitazama, kishindo ndicho kilichomwinua. Koplo akaomba simu yake. Kioo cha kamera yake kilikuwa kimepasuka, na picha zote zilizokuwemo zilionekana kama zimepigwa kupitia glasi ya maziwa. Koplo akamrudishia simu na kuomba radhi.

"Kwa nini hukai langoni kwako?" Inspekta aliuliza.

"Hapa ndipo penye kivuli, mkuu. Jua likishapinduka, kule langoni mtu anakaangwa."

Inspekta alikaa chini karibu naye kwa sababu magoti yalimtaka hivyo, akasema wataisubiri treni. Koplo hakuona faida ya kusubiri, na alisema hivyo kwa adabu. Wakasubiri. Kivuli cha ghala kiliwapita miguuni, kikatambaa kwenye vumbi, kikapanda kibanda cha Mama Geti, kikalimeza geti, kikavuka reli. Kwa mbali honi ikalia. Mlinzi wa muda akalishusha geti kwa haraka ya mtu aliyesikia yaliyompata mwenzake, kisha akawasha kijani. Treni ya mizigo ikatokeza kwenye kona, ikaingia kivulini, ikapita mbele yao behewa baada ya behewa.

Inspekta aliinuka taratibu. Alitazama picha, akatazama geti, akatazama picha tena. Kwenye picha rangi ya geti iling'aa juani. Kivuli chembamba cha boriti kilikuwa kimelala barabarani, upande ule ule hasa ambao vivuli vya alasiri hulala. Nguzo ilikuwa na kivuli chake, baiskeli ilikuwa na chake.

"Koplo, hili ghala kwenye picha liko wapi?"

"Haliwezi kuonekana, Afande. Liko mgongoni mwa mpiga picha."

"Ghala halionekani, nakubali. Na kivuli chake je?"

Koplo aliligeukia geti, lililokuwa limezama kivulini. Inspekta alimgeukia mlinzi wa ghala, akamuuliza kama siku ya ajali kulikuwa na mawingu. Jua kali, mlinzi alisema, mpaka lami ya barabara kubwa ilikuwa inanata. Kuna siku treni hupita asubuhi? Hakuna, treni ni moja tu, hii hii, na hupita alasiri. Ghala lilijengwa lini? Mlinzi alicheka, akasema hata baba yake alilikuta. Koplo hakungoja kuambiwa. Aliegemea ukuta pale pale, akapiga picha kwa simu yake huku mabehewa ya mwisho yakimalizikia.

"Labda ni mahali pengine panapofanana na hapa," alisema walipokuwa wakirudi kwenye gari.

"Mpaka na ubao uliopasuka? Mahali ni hapa, Koplo. Ila aliyepiga picha hii alikuwa na jua la kwake."

Asubuhi ya pili walikwenda mahabusu ya wanawake. Mama Geti aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa amejishika kiuno. Alikuwa ameondoka kwake na kiuno kizima, alisema, lakini sakafu ya saruji haina heshima kwa mtu mzima. Kabla hajakaa aliuliza habari za mjukuu wake, na Koplo, ambaye alikuwa amepita kwa jirani bila kutumwa, akamwambia mtoto hajambo na anakula. Mama akaitikia kwa kichwa mara nyingi.

"Mwanangu, nimekwambia na sichoki kukwambia," alimwambia Inspekta. "Ilikuwa nyekundu. Nilikuwa sijaiwasha ile kijani kwa sababu barabarani kulikuwa bado kuna mtu. Nilikuwa namngoja muuza mikate avuke."

Inspekta alimwonyesha picha. Mama aliitazama kwa muda mrefu, akisogeza uso na kuurudisha. Geti ni langu, alisema, na kibanda ni changu, lakini hili jambo halikutokea. Aliyasema bila kelele, kama mtu aliyekwishayasema kwa ukuta usiku kucha. Inspekta akaacha habari za ajali. Alimuuliza kama kuna mtu yeyote, siku yoyote, aliyewahi kuonyesha kulipenda geti lake kupita kiasi.

Mama Geti akacheka kwa mara ya kwanza tangu wamfahamu.

"Kulipenda? Kulikuwa na mzee mmoja alilipenda kuliko mimi. Alikuja na utepe, akapima geti, akapima kibanda, akahesabu mbao, akachota kokoto kwenye kopo. Nikamuuliza, baba, umetumwa kuja kutubomolea? Akasema hapana, mama, nalijenga geti lako nyumbani kwangu. Nikasema mzee wa watu, uzee umemzidi. Nikampa kiti apumzike."

Inspekta aliuliza mzee huyo ni nani. Ni dereva wa zamani, mama alisema, wanamwita Mzee Reli, aliendesha treni hiyo hiyo mpaka akastaafu, na sasa mwanawe ndiye aliyeishika. Kalamu ya Koplo ikasimama.

"Mwanawe yupi, mama?"

"Ana mmoja tu. Si huyo huyo anayesema ilikuwa kijani?"

Koplo alimuuliza kwa nini muda wote huu hakulisema hilo. Mama Geti alimtazama kwa huruma. "Mliniuliza habari za taa, binti yangu. Habari za wazee wanaopima mageti hamkuniuliza."

Mzee Reli aliishi kwenye nyumba za shirika, safu ya nyumba za matofali zilizogusana mabega nyuma ya stesheni. Alifungua mlango mwenyewe, mzee mwembamba mwenye rangi ya kutu kwenye kucha. Inspekta alimwamkia na kujitambulisha, na mzee hakushtuka. Aliweka kidole mdomoni.

"Tuongee taratibu, vijana wangu. Mwanangu amelala chumba cha ndani. Wamemsimamisha kazi mpaka kesi iishe, na tangu siku ile usingizi haumjii ila kwa kubembelezwa."

Ilikuwa zamani tangu mtu amwite Inspekta kijana, na hakuweza kusema kwamba lilimchukiza.

Sebule ilikuwa na viti viwili. Nafasi nyingine yote ilikuwa meza, na juu ya meza mbao, na juu ya mbao dunia nzima iliyopunguzwa. Kulikuwa na milima ya jasi, miti ya sponji iliyochanwa na kupakwa rangi, reli nyembamba kama njiti za kibiriti, na treni ambazo vichwa vyake vingetoshea kiganjani. Ukutani zilitundikwa picha za stesheni na madaraja na treni za zamani. Koplo aliuliza mzee alizipigia wapi.

"Hapa hapa mezani," Mzee Reli alisema.

Inspekta hakuitoa ile picha. Alimwomba mzee amfundishe, na haikuwa hila tupu. Alitaka kujua kweli. Mzee alimtazama kwanza kuona kama anatania. Inaelekea hapakuwa na mtu aliyewahi kumuuliza, maana uchovu wa uso wake ulipungua palepale, akavuta kamera iliyokuwa juu ya stendi ya miguu mitatu.

"Ukiona vyaelea, vimeundwa," alisema.

Kosa la wanaoanza, alieleza, ni kupiga picha wakiwa wamesimama. Mtu aliyesimama anaiona treni ndogo kama ndege anavyoiona, na hakuna anayekumbuka treni kwa macho ya ndege. Kamera inashushwa mpaka ifike kwenye macho ya abiria mwenye kimo cha punje ya maharage. Kisha kuna mng'ao. Plastiki inang'aa na treni ya kweli haing'ai, kwa hiyo kila kitu hupigwa unga wa chaki, vumbi, na kutu halisi aliyoikwangua kwenye reli. Kisha mwanga. Taa za ndani hutia vivuli viwili viwili, na jua ni moja, basi yeye hubeba ubao mzima hadi uani, akauweka juu ya ukuta ili kilima cha kweli kikae nyuma yake, akauzungusha polepole mpaka vivuli vilale kama vinavyolala mahali penyewe kwa saa ile. Mwisho hulibana tundu la lenzi likawa dogo kama la sindano, ili cha karibu na cha mbali vyote vikae wazi. Na kwa kuwa tundu dogo huingiza mwanga kidogo, kamera huachwa inatazama kwa pumzi kadhaa.

"Na treni ikiwa inakwenda?" Inspekta aliuliza.

"Ingekuwa ukungu mtupu. Ila zangu haziendi, mwanangu. Huonekana tu kama zinakwenda."

Alimwita Koplo aangalie. Koplo aliinama kwenye kioo cha kamera, akainua uso kutazama meza, yenye chupa ya gundi na kikombe cha chai, akainama tena. Alirudia hivyo mara kadhaa, kisha akamtazama Inspekta. Inspekta alikwishapata alichokifuata, na hakufurahi. Alikuwa amempenda mzee huyu, na jambo hilo lilimchosha zaidi.

Kwenye kona kulikuwa na ubao mmoja uliofunikwa shuka. Inspekta aliuliza ni nini, na mzee akasema hiyo haijakamilika. Inspekta akaomba ruhusa na kulifunua shuka bila kungoja jibu. Lilikuwa geti la Mama Geti. Kibanda kilikuwepo na ubao wake uliopasuka, boriti na viraka vyake vya rangi, nguzo na taa yake ya kijani yenye ukubwa wa punje ya mtama, na chini kokoto zilizosagwa kutoka kwenye kokoto zile zile. Geti lilikuwa limeinuliwa. Upande wa mbele, mahali pa kamera, ubao ulikatika ghafla, na baada ya hapo kulikuwa na ukingo wa meza.

Mzee Reli alikaa kwenye kiti kimoja. Inspekta alikaa kwenye kingine, akaweka picha mbili juu ya magoti ya mzee, ile ya bahasha na ile ya Koplo. Mzee alivaa miwani. Hakutazama taa, wala hakutazama treni. Alizitazama kama fundi anavyotazama kazi, kutoka pembe hadi pembe, mpaka kidole chake kikasimama kwenye vumbi la picha ya pili.

"Hii mmeipiga wapi?"

"Getini penyewe. Jana, treni ikipita."

Kidole kilitembea juu ya kibanda kilichokuwa gizani, kikafika kwenye geti, kikarudi.

"Ghala," mzee alisema. Kisha akasema tena, kwa sauti ya chini zaidi, "Nilisahau ghala."

"Halionekani kwenye picha," Inspekta alisema, karibu kama anayemtetea.

"Ndiyo maana. Kisichoonekana hatukijengi. Kila picha ya pale naipiga kutoka upande wa ghala, basi ghala lenyewe sikuwahi kulijenga. Na wewe hujui, nimeendesha treni pale mpaka nikastaafu. Jua linakuchoma uso njia nzima, unaingia kwenye kivuli kile, unavua kofia. Kila siku nilivua kofia pale." Alivua miwani. "Na mwanangu aliniambia. Alikaa hapo ulipokaa wewe, akasema, baba, nilipoingia kivulini nikafumba macho. Nikalisikia neno la kufumba macho. La kivuli sikulisikia."

Kilichobaki alikieleza bila kuulizwa, na Koplo akaandika. Mwanawe alikuwa ameendesha usiku na kuunganisha mchana, kwa kuwa dereva wa zamu alikuwa mgonjwa na shirika halikuwa na mwingine. Alisinzia kwenye ule ubaridi wa kivuli, na alipofumbua macho taa nyekundu ilikuwa nyuma yake na muuza mikate alikuwa mbele. Jioni ile aliapa kwamba atasema ukweli. Asubuhi wakubwa wake walipomuuliza, hofu ikamshika ulimi, akasema kijani. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, mzee alisema, na yeye alikuwa na silaha moja tu ya kumsaidia.

"Alikuomba uitengeneze?" Inspekta aliuliza.

"Hakuniomba. Wakili alimwonyesha picha, akaja nayo nyumbani. Aliitazama, akanitazama, akaenda kulala. Tangu siku hiyo hatujazungumza. Unadhani hakuijua? Miti ile tulichana sponji pamoja akiwa mdogo."

Koplo alikuwa ameokota kopo dogo lililokuwa kando ya ubao. Ndani yake, juu ya pamba, ilikuwa baiskeli ya waya wa shaba yenye kreti, na juu yake mtu.

"Hiyo ndiyo iliyonishinda," Mzee Reli alisema. "Niliianza na kuiacha, nikaianza na kuiacha. Sikumjua sura yule bwana, ndiyo maana nikamgeuza mgongo." Alilipokea kopo kutoka kwa Koplo. "Umri wangu wote nilitaka mtu mmoja tu aitazame picha yangu aseme hii ni treni ya kweli. Sasa wameamini wote, polisi, wakili, shirika. Na mimi kila nikiamka namfikiria yule mama. Alinipa kiti."

Kutoka chumba cha ndani ilisikika pumzi ya mtu aliyelala, nzito na ndefu. Mzee aliinua mkono hadi chini ya ukingo wa ubao, mahali palipokuwa na swichi ndogo, akaibonyeza. Taa ya kijani ikazimika, na juu yake ikawaka nyekundu.

"Ilikuwa hivi," alisema.

Inspekta alimwambia kwamba watauhitaji ubao wote, na kopo, na kamera, na maneno yake mbele ya hakimu kesho asubuhi, na ya mwanawe pia. Mzee alikubali kila kimoja kwa kichwa. Alipofika kwenye neno la mwanawe, alimshika Inspekta mkono.

"Mwache kwanza amalizie usingizi. Akiamka nitamwambia mwenyewe, na tutakuja wote wawili kwa miguu yetu. Usingizi wa namna hii hajaupata tangu siku ile."

Inspekta aliisikiliza ile pumzi. Kiti kilikuwa kizuri, chumba kilikuwa na ubaridi, na mwili wake wote ulitaka kusema ndiyo. Angeweza kukaa hapo hapo akangoja, na huenda naye angesinzia, na hakuna ambaye angemlaumu.

"Mama Geti yuko kwenye saruji, mzee, na halali," alisema. "Mwamshe."

Mzee Reli aliuachia mkono wake. Akaenda hadi mlango wa ndani, akagonga polepole, kama mzazi anavyomwamsha mtoto wa shule, akangoja, kisha akagonga kwa nguvu.